Mkoba Ambao Baba Hakuuchoma

Msomaji mmoja wa visa vyangu hivi vya kila wiki aliniandikia wiki iliyopita akaniita mnafiki. Na kasema kweli.

Wewe unayeanza leo, nikupe kwa ufupi. Naitwa Ponirah, wengi huniita Irah. Niliacha shule darasa la tano kijijini kwetu Gunungkidul, na huu ni mwaka wa sita natoa kopi na kujalidi tasnifu katika duka la Bu Tutik, nyuma ya chuo, hapa Jogja, ambako kwa heshima Bu ni Mama, Pak ni Mzee na Mbak ni Dada. Mbak Anindya ni dada wa miaka ishirini na saba, mwanafunzi wa uzamili, anasomea utamaduni na nadharia zake. Alikuja dukani akaniomba anihoji. Alikuwa akitafuta sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kusikilizwa, na nadhani hakuhitaji kutafuta mbali.

Aliniuliza, "Baba yako ndiye aliyekutoa shule?"

Nikasema ndiyo.

Haikuwa kweli. Lakini kwetu mdogo hambishii mkubwa, na asiyesoma hambishii msomi. Unainamisha kichwa, unaitikia ndiyo, jambo linapita. Siku ile halikupita. Mbak Anin alitokwa na machozi, akanishika mkono, akaninyamazia nimalizie. Hakuna mtu aliyewahi kuninyamazia mimi ili niseme. Basi nikaongeza la kwangu, ambalo hakuna aliyeniuliza: kwamba baba aliuchukua mkoba wangu wa shule akautia jikoni, ukaungua pamoja na vitabu.

Moto huo haukuwahi kuwaka.

Kweli ni hii. Baba yangu hucheza ngoma ya farasi wa mianzi. Pepo wakimpanda hula majani, hutafuna vioo, watu wanashangilia. Watoto wa shule walikuwa wakinirushia nyasi. "Irah, mpelekee baba yako chakula cha mchana!" Nikawa naondoka nyumbani na mkoba, najificha kwenye mitiki hadi saa sita. Baba alipogundua alinipakia kwenye baiskeli, akanishusha langoni pa shule. Mara tatu alinishusha, na mara tatu nikatokea mlango wa nyuma. Mimi ndiye niliyeikataa shule. Nilimwonea aibu mzazi wangu.

Wiki jana niliwaacha pale nilipomaliza kujalidi nakala tano za tasnifu ya Mbak Anin, uongo wangu ukiwa ndani, na yeye akanialika kwenye utetezi wake mbele ya watahini niwe mgeni wa heshima. Siku yenyewe ikafika, Alhamisi.

*

Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa natia karatasi kwenye mashine. Nikasikia mtu anapiga hodi.

Sauti ile naijua hata nikiwa usingizini.

"Hodi wenye duka! Mimi mzazi wa Irah."

Bu Tutik akatoka nyuma ya kaunta mbio, kama aliyekuwa anamngoja. "Pak Saridi! Karibu, karibu ndani! Basi la Wonosari limekufikisha salama?"

"Limenifikisha. Limenirusharusha, lakini limenifikisha."

Baba alikuwa amevaa shati lake la batiki, lile la harusi za watu, na kofia nyeusi iliyopauka pembeni. Alinitazama akicheka meno yote.

"Baba, umejuaje?" nikauliza.

"Alipiga simu Jumapili," Bu Tutik akadakia. "Wewe ulikuwa umekwenda kununua gundi. Nikamwambia, Pak, binti yako yumo ndani ya kitabu! Alhamisi kinasomwa chuoni mbele ya maprofesa."

"Bu, mbona hukuniambia?"

"Nilitaka ushtuke. Si umeshtuka?"

Nilishtuka, wasomaji wangu. Na nilikuwa bado sijaona kilichokuwa begani kwa baba.

Ulikuwa mkoba wa turubai la buluu. Umeshonwa kwa uzi mweupe wa gunia. Una kamba moja, maana ya pili ilikatika nikiwa darasa la tatu.

"Baba," nikasema, "mkoba huo…"

"Huu? Nabebea mbegu. Turubai la zamani hilo, halina kuoza." Akaupigapiga kama mtu anayempigapiga mbuzi wake. "Leo nimeleta karanga za kuchemsha. Zako, za Bu Tutik, na nyingine za walimu wako."

"Siyo walimu wangu, Baba."

"Za walimu wa huyo dada, basi. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu, Nduk."

Nduk ndivyo akina baba wa kwetu wanavyowaita mabinti zao. Ananiita hivyo tangu nazaliwa, hata siku zile za mitiki.

Juu ya kaunta palikuwa na nakala moja iliyoharibika, herufi zake za dhahabu zilikaa upande. Baba akaichukua, akaifuta kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. Yeye aliishia darasa la tatu. Husoma kwa kidole.

"Sauti… Isiyosikika," akasoma. "U-kimya, Mwili na… Ma-mla-ka ya Baba." Akainua kichwa. "Mamlaka ya Baba! Bu Tutik, hebu tazama! Kumbe na mimi wamenitia!"

"Juu kabisa, kwa dhahabu!" akasema Bu Tutik, ambaye hujalidi vitabu na hajawahi kufungua kimoja.

"Nduk, umewaambia nini juu yangu?"

"Mambo ya kawaida tu, Baba."

"Uliwaambia mkoba nilikushonea mwenyewe?"

"Niliwaambia."

Hilo nililisema kweli. Ndilo lililokuwa baya zaidi.

Baba alianza kufungua kurasa. Nikamnyang'anya kitabu, nikasema gundi haijakauka. Kisha nikasema, "Baba, pole na safari. Lakini mtihani umeahirishwa. Bora urudi na basi la saa tatu."

"Umeahirishwa na nani?" Bu Tutik akashangaa. "Si Mbak Anin kapita sasa hivi na maboksi ya vitafunio? Karibu anigonge! Nendeni, nendeni, duka nalishika mimi."

Baba akanitazama kidogo. Akaweka kofia sawa.

"Huo mkoba uuache hapa basi, Baba. Mzito."

"Karanga hazina uzito," akasema, akatangulia.

*

Chuoni, kwenye baraza ya jengo la akina Mbak Anin, paliwekwa bango kubwa la kongamano, na picha ya mchezaji wa farasi wa mianzi, macho yamemgeuka. Mimi nilipita haraka. Baba akasimama.

"Huyu farasi kamshika vibaya," akasema kwa sauti ya kawaida. "Akiruka hivi, kiuno kinakwenda."

Kijana mmoja mwenye nywele ndefu alikuwa ameketi chini anakunywa chai kutoka mfuko wa plastiki. Akasimama. "Pak, unaijua ngoma hii?"

"Naicheza tangu nina miaka kumi na minne."

"Mwenyewe? Hadi kupanda pepo?"

"Sasa bila pepo si mazoezi ya viungo?"

Wakacheka. Wakaja wengine wawili, watatu. Nikainamisha kichwa nikangoja nyasi zirushwe.

"Pak, pepo wakipanda unasikiaje?" mmoja akauliza.

"Nasikia njaa."

Wakacheka tena, lakini hakikuwa kicheko nilichokuwa nakijua. Binti mmoja alimletea kiti. Mwingine alitoa daftari. Yule mwenye nywele ndefu, jina lake Galang, akachuchumaa mbele yake kama mtoto mbele ya babu.

"Pak, mimi nasoma vitabu vya ngoma hii mwaka wa pili sasa na sijaelewa kitu. Nikija kwako nikae hata mwezi, utanifundisha?"

"Utakula nini huko mwezi mzima?"

"Majani, Pak!"

Baba akacheka hadi kofia ikamtoka. Akanitafuta kwa macho juu ya vichwa vyao, kama kuniuliza, unaona?

Niliona. Nilichokimbia mimi hadi kuacha kalamu, wao walikuwa wanakitafuta kwa vitabu na hawakipati. Laiti ningemwambia Mbak Anin kweli siku ya kwanza, angeandika tasnifu mbili. Lakini ningeisemaje, na ni mimi mwenyewe niliyeizika?

Ndipo Mbak Anin akatokea, shati jeupe, sketi nyeusi, mikono baridi kama samaki wa barafu.

"Irah! Umekuja! Nilikuwa natetemeka, sasa nimepata nguvu." Akanikumbatia. Sikioni akaninong'oneza, "Nikianguka leo ndiyo basi. Muda wangu umekwisha. Wananifuta muhula huu huu. Niombee."

"Ndiyo, Mbak."

Akamwona baba. "Na huyu mzee?"

Wasomaji wangu, kati ya swali lile na jibu langu palikuwa na nafasi. Haikuwa ndefu, lakini mtu mwema angeitumia.

"Mjomba wangu, Mbak," nikasema.

Baba alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani. Akanitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani na anajaribu kukumbuka ni kitu gani.

Kisha akainama, kwa adabu yake yote.

"Ndiyo, Mbak. Mimi mjomba wake."

Mbak Anin akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili. "Mjomba, asante sana kwa kumlinda huyu. Mimi najua alivyoteseka."

"Ndiyo, Mbak," akasema baba.

Mbak Anin alipokwenda zake, baba akanisogelea. "Nduk, uliteseka nini?"

"Nitakueleza baadaye, Baba."

"Ni hii kofia, siyo? Nilimwambia mama yako imepauka. Akanyamaza tu."

Akaivua akaitia mfukoni.

*

Chumba kilikuwa na viti kama thelathini. Tulikaa safu ya nyuma. Kila mgeni alipewa boksi lake la vitafunio: wali wa kunata ndani ya jani la mgomba, keki ndogo, maji ya kikombe. Baba aliliweka boksi juu ya mkoba, na mkoba juu ya magoti. Hakula. Alisema atampelekea mama.

Mbele waliketi watahini watatu. Wawili sikuwajali. Wa tatu aliitwa Pak Wiratmo, profesa mfupi, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, na nakala yangu mbele yake imejaa vikaratasi vya njano. Niliitambua. Niliikata kingo mwenyewe.

Mbak Anin akaanza. Alisema mwili ni kumbukumbu. Alisema ukimya wa mwanamke si utupu, ni upinzani. Alisema mfumo dume.

"Anasema nini?" baba akaninong'oneza.

"Anasema kunyamaza nako ni kupigana."

"Basi mama yako ni jeshi zima."

Galang, aliyekaa safu ya mbele yetu, akaziba mdomo asicheke.

Ikaja zamu ya Pak Wiratmo. Alifungua kitabu polepole.

"Mbak Anindya, nimesoma mahojiano yako yote kumi na moja. Huyu uliyemficha jina ukamwita R, amekujibu 'ndiyo' mara mia mbili na nne. 'Hapana' sikuikuta hata moja. Wewe kwenu wapi?"

"Nimekulia Jakarta, Pak."

"Wazazi?"

"Watu wa Solo, karibu na hapa."

"Basi ungemuuliza bibi yako, angekwambia bure. Mtoto wa kijijini akikuitikia ndiyo, hajakujibu bado. Amekukaribisha tu. Wewe umeketi kwenye mkeka wa ukumbini ukadhani umeshaingia hadi jikoni."

Chumba kikacheka kidogo, kicheko cha woga.

"Umeandika kurasa mia mbili juu ya sauti isiyosikika," akaendelea. "Mimi ninayoisikia humu ni moja tu. Ni yako."

Nilimwona Mbak Anin akishika kingo za meza. Nilijua kwamba profesa amesema kweli, na nilijua kwamba kosa ni langu. Zile ndiyo mia mbili na nne zilitoka mdomoni mwangu, moja moja.

"Pak," Mbak Anin akasema, na sauti yake ikarudi, "nakubali. Katika maswali yangu nilimwongoza. Lakini kuna mahali sikumuuliza chochote. Alisema mwenyewe, kwa maneno yake, bila kusukumwa. Ukurasa wa themanini na saba. Hapo ndipo penye moyo wa tasnifu yangu. Kila kitu kingine kikianguka, hapo patasimama."

"Mkoba," akasema Pak Wiratmo.

"Mkoba, Pak."

"Haya. Tusomee."

Nilitaka kutoka. Lakini ningetoka vipi nimwache baba pale?

Mbak Anin akasoma. Baba yake R alivyoingia jikoni. R alivyomlilia. Baba alivyosukumia kuni ndani, kisha vitabu, kimoja kimoja.

Baba yangu akatingisha kichwa. Akanisogezea mdomo sikioni. "Huyu baba gani anachoma vitabu vya mtoto? Huyo si mtu, Nduk. Hata pepo hawafanyi hivyo."

Sikuweza kumtazama.

"'Mwisho akautia mkoba wenyewe,'" Mbak Anin akaendelea. "'Ulikuwa wa turubai la buluu. Ulishonwa kwa uzi mweupe wa gunia. Ulikuwa na kamba moja tu, maana ya pili ilikatika nikiwa darasa la tatu. Turubai haliwaki haraka. Liliyeyuka kwanza.'"

Vidole vya baba vilikuwa vikichezea kamba ya mkoba. Vikasimama.

Hakunitazama. Aliutazama mkoba. Akafuata ule uzi mweupe kwa kidole, mshono kwa mshono, kama anavyosoma. Alipofika mwisho aliliinua boksi la vitafunio, akanipa mimi nilishike, akauteremsha mkoba taratibu hadi sakafuni, akausukuma chini ya kiti kwa kisigino.

Sikumwona akikasirika. Laiti ningemwona.

"Ulizungumza na huyo baba?" Pak Wiratmo akauliza.

"Hapana, Pak. Niliona si salama kwa mtoa habari wangu. Ni mtu wa ghadhabu."

"Kwa hiyo baba amehukumiwa bila kuitwa. Na hukumu yako imesimama juu ya moto ambao hakuna aliyeuona isipokuwa mtoto mmoja." Alifunga kitabu. "Mbak Anindya, mimi siwezi kupitisha hivi."

Mtahini mmoja akaanza kuandika kitu. Mbak Anin alikuwa mweupe kama karatasi ya mashine.

Halafu uso wake ukageuka ukatuona sisi, nyuma kule. Ukawaka.

"Pak! Mjomba wake yupo. Yumo humu ndani. Amekuja leo." Akaunganisha viganja. "Mjomba, samahani sana. Unaweza kusimama useme ulichokiona?"

Vichwa vyote vikageuka. Nikamshika baba mkono wa shati. Yeye akanibandua vidole, polepole, kama mtu anayebandua kupe kwenye mbuzi bila kutaka kumuumiza. Akasimama.

"Pak, wewe ni mjomba wa huyu binti?" Pak Wiratmo akauliza.

"Ndiyo, Pak."

"Ulikuwapo siku ya moto?"

"Ndiyo, Pak. Nilikuwapo."

"Ni baba yake aliyechoma?"

Baba akatazama sakafu.

"Ndiye," akasema. "Ndiye yeye."

Mbak Anin akafumba macho, akashusha pumzi. Mtahini akaacha kuandika.

Angeketi hapo, yangekwisha. Mbak Anin angepita. Kitabu kingekwenda maktaba, na sisi tungerudi dukani tukale karanga. Lakini baba hakuketi. Alikuwa akitazama sakafu, na alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeungama:

"Huyo baba yake ni mtu mjinga, Pak. Hana shule. Kazi yake kuchezacheza mbele za watu na kula majani. Mtoto alirushiwa nyasi shuleni kwa ajili yake. Alikuwa akijificha kwenye mitiki, na baba akijua. Alijua, Pak. Ila kila akitaka kuiacha ngoma, harusi inamwita, anakwenda tena. Mtoto akose shule kwa sababu ya ngoma, hiyo si sawa na kumchomea?"

Kumbe alijua.

Miaka kumi na moja nilidhani nimemficha. Alikuwa akijua kwa nini natokea mlango wa nyuma, na bado alinipakia kwenye baiskeli, na hakuniuliza hata mara moja.

Galang alikuwa amegeuka kitini. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akamtazama baba tena. Mdomo wake ukafunguka polepole.

Baba akarudi nyuma ili aketi. Kisigino kikagonga mkoba. Ukalala ubavu, na karanga zikamwagika chini ya viti, zikabingirika hadi miguuni mwa watu. Galang akainama kuziokota. Akauvuta na mkoba. Akauinua juu ampe mwenyewe.

Buluu. Uzi mweupe. Kamba moja.

Mbak Anin alikuwa bado ameshika ukurasa wa themanini na saba. Aliutazama mkoba. Akatazama ukurasa. Akautazama mkoba tena, kisha akaniangalia mimi, na sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu aliyenipenda.

Pak Wiratmo akaishusha miwani kutoka kwenye paji la uso. Hakumuuliza baba tena. Alinigeukia mimi, na hakuwa mkali hata kidogo.

"Binti. Simama tafadhali. Usiniitikie, mimi si mgeni wa kukaribishwa. Niambie tu kwa maneno yako. Huyu mzee ni nani kwako?"

Nilisimama. Boksi la vitafunio la mama lilikuwa mikononi mwangu. Upande mmoja alikuwa Mbak Anin na miaka yake mitatu ya kusoma. Upande mwingine baba, kofia mfukoni, karanga miguuni. Mia mbili na nne zangu zote hazikuwa na kazi. Kwa mara ya kwanza maishani niliulizwa swali ambalo ndiyo haikulitosha.

Nikafungua mdomo.

Na baba, bila kunitazama, akaninong'oneza:

"Sema mjomba, Nduk. Mjomba inatosha."